Mpini wa Chini

Mwaka 1973 kijiwe chetu cha Mkunya kilikuwa gogo la mkorosho lililolala mbele ya kibanda cha Bimdogo, kando ya barabara iendayo Newala. Bimdogo alikuwa mjane wa Kimakua, na kahawa yake ilikuwa nzito mpaka kijiko kilisita ndani yake. Wenye gogo walikuwa watatu, na mimi wa nne. Basil tulimwita Redio, kwa kuwa alikuwa na redio isiyo na betri na habari zisizo na mwisho. Cuthbert alikuwa Injinia, kwa sababu aliwahi kulipaka grisi greda la barabara kwa muda wa miezi minane. Gabriel alikuwa Kamati, na yeye jina lake halikuwa la utani: alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji, na orodha ya wafanyakazi ilikaa katika mfuko wa shati lake pamoja na penseli. Mimi nilikuwa Mwalimu, nilifundisha shule ya msingi, na kijiweni nilisema kidogo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ua wa matete, na ndani ya ua shimo la kupasulia mbao. Mpasuaji wa juu husimama juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa shimo, basi juu ya matete tuliona kichwa na mabega ya mjomba wangu, Mzee Dunstan, yakiinama na kuinuka. Mpasuaji wa chini husimama shimoni. Huyo hatukumwona, na habari yake ndiyo iliyotukalisha pale Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba, tangu saa nane mchana.

— Hebu nyamazeni, — Redio alisema na kuinua kidole. — Sikilizeni. Huo ni moyo mgonjwa huo?

Tulinyamaza. Msumeno ulikuwa ukienda fyaa, fyaa, fyaa, bila haraka, mpaka mara ishirini. Kisha ukapumzika. Kisha ukaanza tena.

— Thelathini na moja, — alisema Kamati. — Asubuhi nimepita kabla hajaanza kazi, nimezihesabu mwenyewe. Mbao thelathini na moja, zote zimenyooka kama zimepigwa pasi.

— Na daktari alisemaje?

— Asiinue ndoo ya maji. Mwalimu si huyu hapa? Mwalimu, si hivyo alivyosema?

— Ndivyo, — nilijibu.

— Asiinue ndoo! — Redio alijipiga paja. — Mtu ana miaka sitini na ngapi?

— Sitini na mitatu, — nikasema. Nilikuwa nimeihesabu mwenyewe kutoka kitabu cha ubatizo.

— Sitini na mitatu, miguu imejaa maji, moyo umevimba kama boga, na anapasua mvule! Mimi nina arobaini na miwili, nikipasua kuni za jikoni nalala siku mbili.

— Wewe hulala hata usipopasua, — alisema Bimdogo, akammiminia.

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa siku hizi husikia habari hii na kudhani mjomba alikuwa mpenda sifa. Alipasua mbao za misheni moja upande wa Masasi kwa miaka thelathini na minane. Mabenchi ya kanisa, milango ya shule, majeneza ya mapadre, vyote vilipita katika msumeno wake na wa mwenzake Lucian. Mbao zilipoanza kuja kwa lori, kazi ikaisha. Walifanyiwa ibada, wakasifiwa, na mjomba akapewa zawadi ya kuagana: msumeno mpya wa shimo, urefu wa futi saba, mipini miwili. Kiinua mgongo hakikuwamo katika mapatano. Siku alipoandikwa kazi hakuna aliyelijua neno hilo. Alikuwa ameitegemea mikorosho yake, lakini tulipohamishiwa katika kijiji cha ujamaa mikorosho ilibaki kwenye mahame, makazi yetu ya zamani, bondeni kuelekea Ruvuma, na kwa ajili ya vita vya Msumbiji hakuna aliyeruhusiwa kuteremka kule kuvuna. Lucian akafa mwaka 1971. Ukabaki msumeno wa watu wawili na mzee mmoja mgonjwa.

Kijiji kilimpa kazi ya mbao arobaini na nane za zahanati. Zikikamilika kabla ya mvua, jina lake libaki kwenye orodha ya wafanyakazi, na wafanyakazi hugawiwa chakula kwanza. Zisipokamilika, kazi ipewe kiwanda cha mjini, na jina lake lihamie kwa wasiojiweza, ambao hugawiwa kilichobaki. Mwaka ule jua lilikuwa kali. Kila mtu pale kijiweni alijua kwamba hakuna kitakachobaki.

— Basi nani yuko chini? — Redio aliuliza, kwa mara ya nne siku hiyo. — Msumeno haujivuti. Lucian kazikwa, nilishika koleo mwenyewe. Nani yuko chini?

— Mimi nina wazo, — alisema Kamati, akapunguza sauti. — Mkimbizi. Yule mzee kamficha mtu kutoka ng'ambo. Kavuka Ruvuma usiku, hakuandikishwa popote, na sasa analipa fadhila kwa kuvuta msumeno.

— Anakula nini?

— Si chakula?

— Chakula gani, Kamati? — alisema Injinia. — Mke wangu huazima moto kwa Mama Priska kila jioni. Kwenye sufuria mna ugali wa watu wawili. Mpasuaji wa chini yeyote hula ugali wa watu watatu peke yake.

Mama Priska ndiye mke wa mjomba. Jina lake la ubatizo ni Ethel. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, kifua chembamba, na sauti ambayo ulilazimika kuinama kuisikia.

— Basi sema wewe unayejua, — Kamati alinuna.

— Ninasema. — Injinia alishusha kikombe, akachora chini kwa kijiti. — Hapa gogo. Hapa msumeno. Hapa chini, mnaona? Springi ya lori. Mzee akisukuma kidogo tu, springi inavuta. Ikifika mwisho, inarudisha. Yeye kazi yake ni kuongoza.

— Springi kaipata wapi?

— Kwa Wachina wa reli.

— Wachina wa reli wako Mbeya!

— Mbeya kwani ni mbinguni?

— Na hayo mapumziko baada ya mara ishirini? — aliuliza Redio. — Springi inachoka?

Injinia aliutazama mchoro wake kwa muda. — Inapoa, — akasema.

Bimdogo alicheka mpaka birika likatikisika. Lakini mimi nilikuwa nikiwatazama nyuso, na niliona kwamba mzaha ulikuwa juu juu tu. Kila msumeno ulipoanza tena, vikombe vilisimama njiani kabla ya kufika midomoni. Walikuwa wamekaa pale siku tisa kwa sababu hawakuweza kuondoka. Walimsikiliza mtu aliyekuwa akifanya kitu kisichowezekana.

— Mimi sitaki kusema, — alianza Redio.

— Usiseme basi, — alisema Bimdogo.

— Sitaki, lakini nitasema. Lucian.

Redio alisogea mbele juu ya gogo.

— Mmewahi kusikia mpasuaji wa chini asiyekohoa? Vumbi lote linamshukia yeye. Lucian mwenyewe alikuwa akikohoa mpaka Newala wanamsikia. Huyu hakohoi. Haimbi. Hapandi kwenda kujisaidia. Ananyamaza kama, Mungu nisamehe, kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Nasema Lucian hakufa vizuri. Lucian ni ndondocha. Kafukuliwa, kashushwa shimoni, anavuta.

— Umeshika koleo mwenyewe, sasa hivi umesema, — Kamati alimkumbusha.

— Nilishika koleo. Sikumshika Lucian.

— Mzee Dunstan ni msoma masomo kanisani!

— Ndiyo maana wanaelewana. Wamefanya kazi pamoja miaka thelathini. Hata mimi ningekuwa Lucian, ningerudi kumsaidia.

Niligundua kwamba wazo hilo, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa limewagusa. Injinia alikohoa.

— Au shimo halina mwisho, — alisema polepole. — Si yalichimbwa mahandaki wakati ule wa ndege za Wareno? Na shimo lile watu walijificha humo. Wakaendelea kuchimba. Sasa linatokea Mweda, huko Msumbiji. Wapiganaji wanapokezana: huyu akichoka anarudi vitani, mwingine anakuja kushika mpini.

— Wanatoka vitani kuja kupumzika kwa kupasua mvule?

— Ukilinganisha na mabomu, Redio, mvule ni mapumziko.

— Lakini muoneeni huruma mama wa watu, — alisema Redio, baada ya kumaliza kikombe. — Mama Priska kazeeka. Jana jioni kapita hapa na ndoo kwenda kwenye bomba. Kichwa cheupe! Mwezi wa saba alikuwa na nywele nyeusi kuliko zangu. Mawazo hayo. Mume mgonjwa, shimo lina jini.

— Kweli, — alisema Injinia. — Hata nyusi zimeota mvi.

Bimdogo alinitazama. Nilitazama chini.

Nilijua. Nilikuwa nimekatazwa kusema, na nilikatazwa na wote wawili, mjomba na mkewe, siku moja, mezani kwao. Kwa desturi yetu mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Msumeno ule na mipini yake yote miwili ilikuwa yangu kwa haki, na kazi yake pia. Nilipokwenda kusema nitashuka shimoni, mjomba hakuinua hata macho kutoka katika sahani. Alisema: "Sikukupeleka sekondari ule vumbi." Mama Priska akaongeza kwamba nikitaka kuwasaidia ninyamaze, hasa mbele ya Kamati. Nikanyamaza. Nilikuwa na utii mwingi sana siku hizo, na hadi leo sina hakika kwamba ulikuwa utii.

Muuguzi alifika karibu saa kumi, akisukuma baiskeli. Alikuwa mgeni, dada mmoja kutoka Tabora aitwaye Josephina, aliyeletwa kabla zahanati haijajengwa. Alitibu watu katika ofisi ya chama. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa udongo wetu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti. Kaa, unywe kahawa.

— Ahsanteni, nina mgonjwa. Namtafuta Mzee Dunstan. Alitakiwa aje Jumatano kupimwa, hakuja.

— Hatakuja, — alisema Redio kwa fahari, kana kwamba mgonjwa alikuwa wake. — Yuko kazini. Yule pale, unamwona?

Josephina alikinga jua kwa kiganja. Kichwa cha mjomba kiliinama nyuma ya matete, kikainuka, kikainama.

— Yule ndiye mwenye moyo? — aliuliza.

— Ndiye.

— Haiwezekani.

— Ndivyo tunavyosema sisi, siku ya tisa leo! — Na wote watatu wakaanza kumsimulia kwa pamoja: mkimbizi, springi, Lucian, handaki la kwenda Mweda. Alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya usukani, na macho yake hayakuondoka kwenye ua. Walipomaliza alitafuta swali ambalo halitawavunjia heshima wakubwa.

— Samahanini, baba zangu, — alisema. — Na mkewe? Saa hizi yuko wapi?

— Shambani, — alisema Redio upesi.

— Shamba lao liko mahameni, — alisema Injinia. — Haendi mtu kule.

— Basi majini.

— Bomba hufunguliwa jioni, — alisema Bimdogo. Alisema kwa upole sana.

— Kwa jirani, basi, — alisema Kamati. — Kwa...

Hakuna aliyejua. Walijua mbao ni ngapi, walijua kwenye sufuria yao mna ugali kiasi gani, walijua alivyokohoa Lucian miaka mitatu nyuma. Katika siku tisa hakuna aliyeuliza Mama Priska mchana yuko wapi. Mwiko wa wapasuaji unajulikana: mwanamke haruki gogo, litapasuka vibaya. Na kwa kuwa haruki gogo, katika vichwa vyao hakuwezekana kuwa chini yake. Ndondocha aliwezekana.

Ng'ambo ya barabara msumeno ulianza. Fyaa. Fyaa. Nikaona midomo ya Redio ikihesabu. Alipofika kumi na nne, alivua kofia.

— Nywele, — alisema. — Zile nywele.

— Niongezee kahawa, Bimdogo, — Kamati alisema.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa likitoa mvuke mbele yetu sote.

— Imekwisha, — alirudia, akaliweka chini, akalifunika mdomo kwa kitambaa.

Tulivuka barabara nyuma ya muuguzi. Kamati alitembea wa mwisho, mkono juu ya mfuko wa shati.

Mjomba alituona kutoka juu ya gogo. Hakusema karibu wala ondokeni. Alimaliza mivuto yake ishirini, akasimama, akashika kiuno, akawa anavuta pumzi kwa mdomo. Tukiwa karibu tuliona kile ambacho ua ulitufichia: mikono yake haikuwa ikiinua chochote. Ilikuwa imeushika mpini wa juu kama mzazi anavyoushika mkono wa mtoto barabarani. Macho yake tu ndiyo yaliyofanya kazi, juu ya ule mstari mweusi wa masizi alioupiga kwa kamba. Kuvuta kulitoka chini, na kusukuma kulitoka chini.

Tukainama shimoni.

Alikuwa amevaa koti kuukuu la mjomba, lile la jeshi la zamani, mikono imekunjwa mara tatu. Kanga ilimziba pua na mdomo. Hiyo ndiyo sababu hatukumsikia akikohoa. Kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu alikuwa na rangi moja, rangi ya vumbi la mvule. Ukutani mwa shimo, vidato vya kupandia alivyovichonga Lucian zamani vilikuwa mbalimbali, kwa mguu wa mwanamume mrefu. Kati ya kila vidato viwili palikuwa pamechongwa kidato kimoja kipya, kidogo.

Injinia alivihesabu kwa kidole, mara mbili. Kisha akasema, si kwetu, — Vitano. Kachonga vitano.

Mama Priska alipanda kwa hivyo vidato, akaishusha kanga, akamwamkua kila mtu kwa kadiri ya haki yake, na kwa Josephina akaomba radhi ya Jumatano. Halafu aliusogelea uso wa Kamati, na safari hii hakuna aliyelazimika kuinama kumsikia.

— Baba Leonia, najua orodha unayo. Umekuja kutazama, au kufuta, au kushuka?

Nilikuwa nikiutazama mkono wa Kamati. Uliingia mfukoni. Ukatoa orodha, ukatoa penseli. Mjomba, juu ya gogo, alifumba macho. Jina lake lilikuwa la saba. Nililiona kutoka pale niliposimama, Dunstan, mpasuaji, mwandiko wa Kamati mwenyewe. Kamati alilisoma muda mrefu kuliko jina linavyosomwa. Kisha akavua shati, akalikunja likiwa na orodha ndani, akanipa mimi vyote pamoja na penseli.

— Mimi sijawahi kushika msumeno, — alisema.

— Hata mimi sikuwa nimewahi, — alisema Mama Priska.

Alianza kushuka. Alikuwa mtu wa miguu mirefu, na vile vidato vidogo vilimkwaza. Kila alipotafuta cha Lucian aligusa cha Mama Priska, mpaka akateleza vitatu vya mwisho na kufika chini kwa makalio. Redio alifungua mdomo, Josephina akamtazama, akaufunga.

— Vuta ukisikia mzigo umekuja, — mjomba alimwambia kutoka juu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema. — Usishindane nao. Mstari ni wangu, nguvu ni yako.

Mama Priska alikaa juu ya rundo la mbao thelathini na moja, na muuguzi akaanza kumpima yeye kwanza.

Ubao ule uliharibika. Bimdogo alisema kwamba kutoka kibandani msumeno ulisikika kama mlevi anayerudi nyumbani. Ulikwenda kombo tangu futi ya pili, mnene huku na mwembamba kule. Mjomba, ambaye katika miaka thelathini na minane hakutupa ubao, aliuweka kando, akapiga mstari mwingine. Jumapili hatukufanya kazi. Jumatatu nilipotoka shule nilivua viatu, nikashuka mimi. Hakunikataza, aliniambia tu nifunge pua. Redio na Injinia walifuata siku zao. Kwa mpini wa chini wa watu wanne, ubao wa arobaini na nane ulitoka tarehe 8 Desemba. Mvua ilinyesha tarehe 11.

Mjomba alifariki mwezi wa Mei uliofuata, kitandani, mchana. Orodha ya wafanyakazi ninayo mimi, Kamati alinipa kabla hajahama. Jina la saba halikufutwa.

Ule ubao wa kombo haukufaa zahanati. Injinia aliutia miguu minne, tukaupeleka mbele ya kibanda cha Bimdogo badala ya lile gogo la mkorosho. Hadi leo upo. Anayeukalia huteleza polepole kuelekea upande wa shimo, na mgeni akiuliza kwa nini benchi hili limepinda, sisi humwambia kwanza akae.